Malalamiko Dhidi ya Mlinzi Anayempigia Yowe Mwenye Nyumba

Chama cha Wakulima Mshikamano,
Sumbawanga.
14 Juni 2007

Kwa Wakala wa Programu ya Ulinzi "Ngao Imara",
Dar es Salaam.

Ndugu Wakala,

Natumaini mu wazima na joto la huko haliwasumbui. Sisi huku ni baridi na upepo, ila tunaendelea. Mimi ni Dominika, karani mpya wa chama hiki, bado niko kwenye majaribio. Mwisho wa mwezi huu Katibu wetu, Mzee Baltazari, ataamua kama nibaki au nirudi kijijini kwetu Kate kuvuna ulezi. Ulezi naupenda, lakini nimesoma hadi kidato cha sita. Kwa heshima zote, naleta malalamiko yafuatayo dhidi ya programu yenu.

1. Katibu aliniagiza niongeze usalama kwenye kivinjari, yaani lile dirisha la kuingilia intaneti. Nikaupandisha kutoka wa kati hadi wa juu. Programu yenu ikawasha ngao nyekundu na kulia kama king'ora: mipangilio imebadilishwa, kompyuta iko hatarini! Nikaogopa, nikaurudisha ulipokuwa. Ikalia tena, maneno yale yale. Ndugu Wakala, mtu akifunga mlango yuko hatarini, akiufungua yuko hatarini. Basi asimame wapi?

2. Onyo lenyewe liko kwa Kiingereza. Katibu akaniambia, "Soma, binti, usinifiche." Nikamtafsiria kwa uaminifu kwamba adui asiyeonekana anaweza kuingia wakati wowote. Huko Dar labda maneno hayo ni ya kompyuta tu. Hapa Sumbawanga, ambako uchawi si jambo la mzaha, hayasemwi ofisini hivi hivi. Katibu alichukua kofia yake akatoka, chai akaiacha inafuka.

3. Alirudi na maji ya baraka kutoka parokiani. Herufi M na N za kompyuta hazifanyi kazi tena, ndiyo maana barua hii naiandika kwa mkono.

4. Ikabidi aitwe mlinzi wetu wa getini, Mzee Mayunga, Msukuma aliyehamia Mtowisa na ng'ombe wake. Aliitazama ile ngao, akauliza, "Anayebwekewa ni nani?" Nikasema ni mimi. "Na mwenye boma ni nani?" Nikasema, kwa sasa, ni mimi vilevile. Alicheka hadi akashika ukuta. "Mbwa wa hivyo kwetu hapewi hata mfupa, mwanangu. Fisi akija atamkuta kachoka, kalala."

5. Kitufe pekee mlichotuwekea kinasema "Rekebisha". Nikikibonyeza, ngao inageuka kijani, na ukurasa wa kuombea mbolea ya wanachama haufunguki. Tuko salama kabisa, bila mbolea.

6. Kila ngao inapowaka, Katibu hunitazama. Hilo linanikosesha usingizi kuliko adui asiyeonekana.

Kwa hiyo naomba muilete programu yenu huku, ikae majuma mawili kwenye zizi la Mzee Mayunga, ijifunze kumtambua mwenye mali kabla ya kupiga kelele. Chakula na malazi ni juu yetu. Ikishindwa, muiachishe kazi, na nafasi yake apewe Mzee Mayunga, ambaye tayari ana filimbi yake mwenyewe.

Wasalimieni wote hapo ofisini, wakubwa kwa wadogo, na hasa yule aliyetunga maneno ya onyo. Mwambieni tunampa pole kwa yote yanayomtisha.

Wenu kwa heshima na hofu,
Dominika
Karani (wa majaribio)

N.B. Nikiwa nakunja barua hii, Katibu ameniita mbele ya wajumbe. Amesema, "Huyu binti anashambuliwa kila siku na hajakimbia. Makarani waliopita walikuwa wanakimbia hata mvua!" Nimethibitishwa kazini. Tafadhali yote niliyoandika hapo juu msiyafanyie kazi. Ila Jumatatu anakuja mkaguzi wa vyama. Kama inawezekana siku hiyo ngao ilie kwa sauti kubwa zaidi, nitashukuru sana.