Vita vya Herufi Mbili

Njooni, enyi wenye masikio mawili na ninyi mnaosikia kwa moja. Acheni sufuria ziungue na simu zilie, maana nitawasimulia vita vilivyopiganwa juu ya meza ya sebuleni, kati ya bakuli la karanga na rimoti isiyo na betri, vita ambavyo mataifa, kwa uzembe wao, hayakuvitangaza.

Palikuwa na baba mkwe wangu, mpima ardhi mstaafu, Simba wa Mipaka, Bwana wa Vigingi, aliyewagombanisha majirani kwa kamba na kuwapatanisha kwa futi. Alipostaafu, ardhi ikabaki bila mpimaji, naye akabaki bila ardhi. Ndipo akajitwalia ufalme wa mchezo wa kupanga maneno, ule wa vibao vya herufi, tunaoucheza kwake kila Jumapili alasiri. Humo alikuwa mfalme, hakimu na askari wa zamu. Neno lisilokuwemo katika kamusi yake, kitabu kinene kama tofali, lilitupwa nje ya mpaka. Alilifukuza "puh" la dada yake, shangazi wa mke wangu, mwanamke mpana wa umbo na wa hoja. Akayafukuza na maneno yote ya vijana aliyoyaleta mke wangu. Mimi, mkwe mwenye adabu zangu, nilipanga "meza" na "kiti", nikashindwa kwa heshima.

Na palikuwa na mama mkwe, mkunga, Mpokea Vichwa, ambaye nusu ya mji ilimwona yeye kabla ya kumwona mama yake. Siku ya vita alikuwa nyuma kwa alama chache, akabakiwa na vibao viwili tu. Akaviteremsha taratibu, kama jemadari ashushaye mizinga: M, kisha H.

"Hilo si neno," akanena Simba wa Mipaka. "Ni mlio wa pua."

Mama mkwe hakubisha. Alivitia vibao mfukoni mwake, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:

"Haya. Kama si neno, mimi sitalitumia tena."

Baba mkwe akacheka. Laiti angalijua. Maana ndoa ile, enyi wasikilizaji, ilisimama juu ya "mh" kama nyumba juu ya msingi. Kulikuwa na "mh" ya nimekusikia, "mh" ya endelea tu, "mh" ya ukithubutu utaona, na ile ndefu, yenye bonde katikati, ya masikini, nakuhurumia. Ukiziondoa hizo, kinachobaki ni maneno kamili. Na maneno kamili, kinywani mwa mkunga, ni silaha.

Kesho yake baba mkwe aliuliza kama shati la kijani linampendeza. Akajibiwa kwamba linambana tumboni, na limembana tangu dukani. Akamsomea mkewe hotuba aliyoiandaa ya kumuaga mpimaji mwenzake. Akaambiwa ni ndefu, na kwamba kile kichekesho cha mbuzi watu walikicheka zamani kwa sababu yeye alikuwa bosi wao. Shujaa akampigia simu mke wangu, akashitaki kwamba mama yako siku hizi anaongea.

Alhamisi mke wangu alikuwa kwao, anakausha vyombo, naye baba yake anamenya viazi. Mzee akauliza swali alilozoea kuliuliza ili ajibiwe "mh" na moyo utulie: je, alikosea kustaafu mapema?

Mama mkwe alizima jiko kwanza.

"Ulikosea, baba watoto. Tangu uache kazi huna cha kupima, kwa hiyo unatupima sisi."

Mke wangu anasema baba yake alikitazama kiazi kile kwa muda mrefu, kama kiwanja chenye kesi. Alimenya viazi vyote vilivyokuwamo jikoni, hata vya kesho. Mke wangu alitaka kutoka awaache, lakini mlango wa jikoni hulia ukifunguliwa.

Jumapili ikawadia. Shangazi alitafuna karanga kwa adabu isiyo yake. Baba mkwe akasimama, akaipandisha suruali, akaanza hukumu ndefu kama mto: kwamba kamusi ni ramani, na ramani, asemavyo aliyezichora maisha yake yote, hufika watu wakiwa wameshajenga. Katikati ya mto akakwama. Akamgeukia mkewe.

"Nyumba imekuwa na kelele sana, mama. Lirudishe tu."

Mama mkwe akasema atalirudisha, ila kesho mumewe aende shule ya jirani, mwalimu mkuu anatafuta mtu wa kuwapimia uwanja wa mpira. Simba wa Mipaka akakubali kwa mlio wa pua.

Basi mipaka ikafunguka. M na H zikatua mezani zikapata alama zake. Shangazi akapanga "puh" huku akitazama ukuta. Nami, nisiyewahi kupanga kitu kisichokaliwa wala kuliwa juu yake, nikaona mkono wangu unateremsha E, kisha B, kisha O: neno ambalo mkwe hamwambii baba mkwe hata akikanyagwa. Mzee akaliangalia, akaniangalia mimi, akahesabu alama zangu, akaziandika.

Waandike basi waandishi wa tarehe, kwa wino usiofutika, kwamba siku hiyo nilishika mkia kama kawaida yangu, lakini niliushika nikiwa nimesema.