Chungwa, Mawaridi, Koti la Mvua

Jumatatu, 3 Machi
Kesho bosi mkubwa anakuja kuchagua msimamizi wa duka letu la miwani. Ni mimi au Kidevu, muuzaji mwenzangu. Kidevu kanunua tai mpya. Mimi tai sina, ila naishi kwa shangazi yangu, na Shangazi ana manukato. Chupa ya mwisho, zawadi ya marehemu mumewe. Hayatengenezwi tena. Anajipulizia mara moja kwa mwaka, siku waliyooana, na siku yenyewe ni Jumamosi hii. Nitachukua kidogo. Hata hatajua.

Jumanne, 4 Machi
Nilijipulizia asubuhi. Ganda la chungwa, kali, likapaa. Nikadhani ndiyo basi, nikaongeza. Yakaja mawaridi na yasmini. Bosi akachelewa, nikaongeza tena chooni. (Nilikwenda na chupa yote mfukoni. Mungu anisamehe.) Kidevu kasema nanukia kama mwalimu mkuu wa kike siku ya wazazi. Wivu tu. Bosi alipoingia alisimama, akavuta pumzi, akasema manukato ya namna hii hayambembelezi mtu: yanaingia, yanakaa, watu ndio wanajipanga. Nikasema ni urithi wa ukoo.

Jioni nikaoga mara mbili. Kumbe maua yakichoka ndipo harufu za chini zinapoamka: magome yenye unyevu, ngozi, msitu baada ya mvua. Shangazi akaacha kula. Akauliza kama nami nasikia harufu. Nikasema sisikii kitu.

Alhamisi, 6 Machi
Chupa imebaki robo. Nimejazia chai ya rangi, baridi, nimeichuja vizuri. Rangi nilidhani italingana. Wapi! Yote yakageuka ukungu, kama maji ya kuoshea mchele. Bahati yangu Shangazi haoni vizuri. Miwani niliyomwahidi tangu mwaka jana bado iko kwa fundi wetu pale kazini, inangoja nimkumbushe.

Jumamosi, 8 Machi
Shangazi kavaa gauni lake la kijani. Kajipulizia, kakaa kitini, kafumba macho. Akaniambia huwa yanakuja kwa zamu: chungwa, mawaridi, halafu mumewe mwenyewe, mlangoni, na koti lake la mvua. Tukasubiri. Hakuja mtu.

Akasema, bila kulia, kwamba Jumanne alisikia harufu isiyokuwepo, na leo haisikii iliyopo. Basi akili imeanza kumtoka. Akaniomba nisiwaambie ndugu. Nilifungua mdomo niseme kweli. Nikamuuliza kama angependa chai.

Jumatatu, 10 Machi
Cheo nimepata. Kidevu kanipa mkono kwa ncha za vidole. Sikufurahi hata kidogo. Kile kiti alichokaa Shangazi Jumamosi hakinitoki akilini. Nikaapa kwamba leo lazima nimwambie.

Kisha fundi, bila kukumbushwa, akaniletea miwani ya Shangazi. Tayari, safi, unasoma nayo hata maandishi ya sisimizi. Nikaiwaza ile chupa juu ya meza yake ya kioo, na ukungu wake. Nikamwambia fundi naona mkwaruzo. Aanze upya, taratibu, asikimbizwe na mtu.

Jioni nikamweleza Shangazi kwamba mafundi hawaharakishwi. Kanishukuru kwa kumhangaikia. Kasema siku hizi mimi ndiye macho yake, na sasa pua yake pia.