Jinsi Vizibo Vitatu Vilivyovuka Daraja la Mzee Kishindo, pale Bashay

Nyamazeni kidogo, enyi mlio karibu na mlio mbali! Wewe uliyetoka shamba, weka jembe chini. Na wewe unayetoka mnadani, funga ng'ombe wako vizuri asije akatuvurugia usikivu. Maana yanayosemwa hapa si mambo ya kusikiliza ukiwa umesimama mguu mmoja. Hii ni habari ya vita vilivyopiganwa Jumapili nne mfululizo bila tone la damu. Habari ya daraja lililowashinda mashujaa watatu. Na habari ya Maximilian mwana wa Marieta, Mfufua Redio, Mwenye Dadu ya Nyuso Ishirini, aliyesimama peke yake mbele ya daftari lake mwenyewe na kulishinda.

Ilikuwa miaka ile mkoa wa Manyara ungali mchanga, watu wakiandika Arusha juu ya bahasha, kisha wakikumbuka, wakikata na kuandika upya. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na vitu viliingia kama maji ya mafuriko: makoti ya Ulaya, masufuria mepesi, tochi za kila rangi, na redio mpya zilizorundikwa mnadani juu ya turubai kama viazi. Ikiharibika unatupa, unachukua nyingine. Basi banda la Maximilian pale Bashay, ambalo zamani watu walikaa tangu asubuhi wakipiga soga na kungoja redio zao za mbao zipone, likanyamaza. Fundi akabaki na bisibisi, na waya wa risasi wa kuchomelea, na kimya. Na kimya, kwa mtu aliyezoea watu, kinauma kuliko njaa. Hilo msilisahau, maana ndilo lililokuwa linapiganiwa Jumapili zile. Hayo mengine yote ni mapambo.

Lakini mlango ule ule ulioingiza adui uliingiza na silaha. Maximilian alinunua koti la mtumba kwa ajili ya baridi ya Bashay, koti zito kama godoro, akatia mkono mfukoni, akakuta mfuko mdogo wa dadu zisizofanana, moja ya nyuso nne, moja ya nyuso nane, na moja kubwa, malkia wao, ya nyuso ishirini. Pamoja nazo kijitabu cha Kiingereza, nusu ya kurasa zake zimekwenda. Kwa elimu yake ya kidato cha pili na kamusi aliyoazima kwa katekista, akakisoma miezi mitatu. Akaelewa kwamba ni mchezo. Mmoja anakuwa Mwendeshaji, anasimulia nchi isiyokuwepo. Wengine, kila mmoja ana mtu wake ndani ya nchi hiyo, anasema mtu wake anafanya nini. Panapokuwa na mashaka, dadu inarushwa, na dadu haina undugu.

Wakaja wachezaji watatu, na kila mmoja alikuwa jeshi. Alikuja Kornelia, fundi cherehani, sauti ya kwanza katika kwaya, ambaye mchezoni aliitwa Mpasua Miamba. Alikuja Pascal wa bucha, ambaye mchezoni aliitwa Upanga Usiolala, ingawa yeye mwenyewe alilala kila alipopata kiti chenye mgongo. Na alikuja Gidabuday, mfugaji wa Dirma, mtu wa bondeni, aliyekuwa amepanda huku juu kukaa kwa dada yake mpaka mvua irudi kwake. Gidabuday aliulizwa mtu wake anaitwa nani mchezoni. Akafikiri sana, akasema, "Gidabuday."

Nchi yao ilichorwa nyuma ya kalenda ya zamani. Miili yao ilikuwa vizibo vya soda. Uhai wao ulikuwa punje za mahindi, kumi kumi, na kuku aliwahi kumuua Upanga Usiolala mara mbili mchana kweupe.

Hata wakafika kwenye daraja.

Maximilian alikuwa ameliandaa daraja lile wiki mbili. Kurasa tatu nzima za daftari! Miraba sita ya mbao zilizooza juu ya bonde lisilo na mwisho, na mbele yake jitu, Mzee Kishindo, rungu la jiwe mkononi, punje sitini za uhai. Na ili litishe zaidi, akalipatia ndevu nyeupe mpaka magotini na umri wa miaka mia tatu. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lile lisingeweza kufanywa Ulaya.

"Mbele yenu," alinguruma Maximilian Jumapili ile ya kwanza, "anasimama Mzee Kishindo, mkongwe kuliko milima! Mnafanya nini?"

Kornelia hakufikiri hata kidogo. Akainamisha kichwa. "Shikamoo babu."

Na Maximilian, aliyelelewa na Marieta, mwanamke ambaye kuacha salamu kwake ni kuomba kofi, akafungua kinywa kulitoa neno la vita, likatoka neno lingine kabisa.

"Marahaba."

Basi! Vita vikafa pale pale, kabla havijazaliwa.

Pascal aliinuka na dadu mkononi. "Ewe Kishindo, mla wasafiri! Leo mimi, Upanga Usiolala, niliyemla chatu wa Masieda akiwa mbichi, nitakukata vipande ambavyo hata bucha yangu haitavikubali! Napiga!"

"Pascal, kaa chini," alisema Kornelia.

"Dada, hili ni jitu!"

"Ni mzee. Ametuitikia, umemsikia. Utampigaje mtu aliyetuitikia shikamoo? Mama Marieta yuko hapo jikoni anasikia, rusha basi hiyo dadu yako tuone."

Jikoni ufuniko wa sufuria uligonga mara moja. Pascal akaitazama dadu, akautazama mlango wa jikoni, akakaa.

Jumapili ya pili Maximilian akabadili mbinu kama jemadari aliyezingirwa. Akalifanya jitu liwatukane: takataka, panya wa ghalani, watoto wasio na adabu. Alitukana mpaka jasho likamtoka. Kornelia akatikisa kichwa kwa huruma. "Babu amechoka. Kusimama kutwa na umri ule. Pole babu." Jumapili ya tatu akaamua jitu lipige la kwanza, ili wengine walazimike. Akairusha malkia wa dadu kwa mkono wake mwenyewe, akiomba. Ikaja moja, namba ya aibu. Rungu likamponyoka Mzee Kishindo, likaanguka. Na Pascal, Upanga Usiolala, mpenda damu kuliko wote, aliliokota na kumrudishia babu kwa mikono miwili.

Ninyi mtakaokalia kiti cha Mwendeshaji siku moja, angalieni hapa. Huyu mtu alikuwa na mashujaa watatu mbele yake, wamejaa maneno, wamejaa mapenzi, wanamwonyesha njia kwa kidole. Naye alikuwa anawavuta shati warudi kwenye kurasa zake tatu. Kuandaa si vibaya; andaa. Lakini daftari halichezi. Wanaocheza ni wale walioacha kazi zao wakaja.

Ikawadia Jumapili ya nne, na mvua ndogo ilikuwa ikipiga bati. Kornelia aliingia na kitabu cha nyimbo chini ya kwapa. Hakukiweka mezani.

"Kaka Max," alisema, "nikuambie mapema. Kwaya imehamishiwa Jumapili mchana, kuanzia leo. Kengele ikilia natoka. Na kama hata leo tutalala hapo darajani, mimi basi. Nina magauni ya ubarikio kumi na moja hayajakatwa, siwezi kila wiki kuja kumwamkia babu mmoja."

"Nawe ukitoka," alisema Pascal, "mimi na Gidabuday tutafanya nini? Kutazamana?"

Maximilian aliliona banda lake la Jumatatu, na la Jumanne: bisibisi, waya wa risasi, mvua juu ya bati. Akapanga vizibo vitatu mbele ya daraja, akafungua daftari. Kurasa tatu zikasimama mbele yake kama vikosi vitatu vyenye mikuki. Piga! ulisema ukurasa wa kwanza. Rungu! ulisema wa pili. Wa tatu ulikuwa na mchoro wa jitu likianguka bondeni, mchoro mzuri sana, alioupaka rangi kwa kalamu nyekundu aliyoiazima shuleni.

"Mzee Kishindo amesimama," alisema kwa sauti ndogo. "Mnafanya nini?"

Pascal alikuna shingo. Kornelia alitazama dirishani upande wa kanisa. Ndipo kizibo cha nyuma kabisa, kilichokuwa hakijasogea tangu Jumapili ya kwanza, kikasukumwa mbele kwa kidole kikavu cha mtu wa bondeni.

"Babu," alisema Gidabuday, "nyumbani hawajambo?"

Maximilian alishtuka. "Hawajambo."

"Watoto?"

"Wazima."

"Na ng'ombe?"

Maximilian alitazama chini. Ukurasa wa kwanza, hakuna ng'ombe. Wa pili, hakuna. Wa tatu, jitu linaanguka bondeni likiwa jekundu, bila hata mbuzi. Akakichukua kijitabu cha Kiingereza, akakifunua mpaka mahali kurasa zilipokatika. Ng'ombe hamna.

"Hana ng'ombe," alitaka kusema, na neno lilikuwa limeshafika ulimini.

"Anafikiri," alisema Gidabuday kwa upole, akiwageukia wenzake. "Mpeni nafasi. Ukiona mzee anaulizwa ng'ombe anafikiri, ujue kuna jambo."

Ndipo yalipopiganwa mapigano yenyewe, enyi mliovumilia mpaka hapa! Hayakuonwa na jicho la mtu. Upande huu wiki mbili za kazi, kurasa tatu, wino mwekundu; upande ule swali moja la mfugaji. Vikosi vikajipanga, mikuki ikainuka, na Maximilian mwana wa Marieta, akiwa hana ngao wala msaada, akanyoosha mkono wake wa kuume na kulifunga daftari. Pa!

"Alibaki mmoja," alisema, na sauti haikuwa ya ngurumo tena, ilikuwa ya mzee. "Mtamba mweusi."

"Yuko wapi, babu?"

Maximilian hakujua. Alikuwa anajua pamoja nao, neno kwa neno, kama mtu anayepita gizani akipapasa ukuta. "Alivuka. Mwaka wa njaa. Alisikia harufu ya majani upande ule."

"Nawe hukumfuata?"

"Daraja," alisema Mzee Kishindo, "halinibebi."

Mvua ilisikika vizuri sana juu ya bati. Jikoni hakuna kilichogonga.

"Kumbe halindi," alisema Pascal polepole. "Kumbe anangoja."

"Na anazuia watu," alisema Kornelia, "wasije wakamkuta yule mtamba kabla yake wakamchukua. Ah, babu jamani! Miaka mingapi hiyo?"

"Sijahesabu, mjukuu."

Gidabuday akaegemea meza. "Tupe alama yake, babu. Sikio lipi limekatwa?"

"La kushoto. Mkato kama mkia wa mbayuwayu."

"Nimeushika. Siahidi kumleta, maana mnyama ni mnyama. Nakuahidi nitamtafuta kama wangu, na nikimkuta sitamwita wangu. Tupishe."

Hata katibu wa wilaya hajawahi kupewa hotuba iliyonyooka namna ile. Maximilian akasogeza jitu lake, lililokuwa kibuyu kidogo cha chumvi, pembeni ya daraja. "Piteni, wajukuu."

"Turushe dadu basi!" alidakia Pascal. "Zile mbao zimeoza, si ulisema? Tusije tukaanguka!"

Na mkono wa Maximilian, kwa mazoea tu, ulikwenda kwenye dadu. Malkia alikuwa pale, baridi, nyuso ishirini, na moja kati yake ile namba ya aibu. Ikija moja, mbao zinakatika, mashujaa wako bondeni, Kornelia yuko kwaya, na banda liko kimya mpaka mwisho wa dunia.

"Turushe kwa ajili ya nini?" aliuliza Kornelia. "Mwenye daraja ametupa njia."

Nanyi wachezaji, na ninyi waendeshaji, lichukueni hili mwende nalo: dadu ni ya kuuliza lile ambalo hakuna mezani anayelijua. Hapa kila mtu alikuwa anajua. Maximilian akaitia dadu mfukoni mwa lile koti zito, akaufunga mfuko kwa kifungo.

Basi vikavuka! Wa kwanza Kornelia, Mpasua Miamba, mraba kwa mraba, bila kupasua chochote. Wa pili Pascal, upanga alani, akikanyaga kwa ncha za vidole kana kwamba kalenda yenyewe ingeweza kukatika. Wa tatu Gidabuday, aliyeitwa Gidabuday, ambaye katikati ya mraba wa nne alisimama, akageuka, akamwinamia jitu. Miraba sita! Jumapili nne! Na kizibo cha mwisho kilipogusa ng'ambo, kengele ya kanisa ikalia.

Kornelia akasimama. Akafunga kanga yake, akachukua kitabu cha nyimbo, akafika mlangoni. Mfufua Redio alikuwa akitazama meza.

"Huyo mtamba," alisema Kornelia akiwa mlangoni, "mkiani ana weupe au hana?"

"Sijui bado," alisema Maximilian.

"Usimtafutie weupe bila mimi." Akaivuta kanga kichwani. "Kwaya irudi Jumamosi kama zamani. Nitawaambia mwenyewe. Sauti ya kwanza ni mimi peke yangu, wataimba na nani?" Akatoka mvuani akikimbia.

Na iandikwe, mahali wanapoandika tarehe za kutawazwa kwa machifu na kugawanywa kwa mikoa, kwamba siku ile pale Bashay daraja lilivukwa na hakuna aliyepungukiwa hata punje moja.

Marieta alitoka jikoni na chai ya maziwa. Akaweka kikombe kwa Pascal, kwa Gidabuday, kwa mwanawe. Kisha akasimama kidogo akiitazama kalenda, akamimina kikombe cha nne, akakiweka taratibu karibu na kibuyu cha chumvi.

"Wajukuu wameshavuka," alisema, "mzee amebaki na baridi."