Malalamiko Kuhusu Ukaguzi wa Usalama Uliohamia Mezani Kwetu

Kwa Mheshimiwa Kiongozi wa Jopo la Wataalamu
waliokagua kinu cha nyuklia cha mji wetu, Argentina.

Mheshimiwa,

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu: nampenda Nahuel, mtoto wa mwoka mikate. Nimemaliza shule Desemba, na sina ugomvi na yeyote duniani isipokuwa ninyi.

Mama yangu, Graciela, huendesha mitambo hapo kinuni. Mlisimama nyuma yake majuma matatu mkimtazama akifanya kazi, mkiuliza kwa upole, bila kumlaumu mtu. Tangu mwondoke, anatukagua sisi.

1. Kila agizo hurudiwa. Baba akisema, "Nipe chumvi," sharti nijibu, "Nimesikia: nikupe chumvi," naye aseme, "Sahihi." Tambi zinapoa.

2. Hakuna kushuka ngazi bila kushika reli. Baba alishuka na kibuyu cha yerba mate, chai yetu ya majani, mkono huu, birika mkono ule. Mama akamwambia, "Mume wangu, hakuna anayekulaumu. Panda, ushuke upya."

3. Bibi aliunguza keki. Mama akasema, "Tusitafute mtu, tutafute chanzo." Chanzo kikawa tamthilia ya televisheni, nayo imezimwa mpaka tathmini ikamilike. Bibi amesusa. "Nimeoka tangu huyu hajazaliwa, leo ananimulika kwa tochi!"

4. Jumapili Nahuel alikuja kula kwetu kwa mara ya kwanza. Mama akavuta kiti, akaketi nyuma yake. "Kula tu, mwanangu, fanya kama sipo." Maskini, alitafuna tonge moja hadi tukamaliza sote. Mlangoni akaninong'oneza, "Rocío, leo umependeza." Nami, Mheshimiwa, kwa mazoea nikajibu kwa sauti: "Nimesikia: leo nimependeza. Thibitisha." Hakuthibitisha. Alikimbia. Tangu siku hiyo mkate wetu anauleta baba yake.

Kwa hiyo naomba jopo lirudi upesi, limkague mama, na limpe pendekezo rasmi kwamba binti si kinu. La sivyo nitazeeka hapa bila mume, nikiwa salama kabisa.

Wasalimie wataalamu wote, pamoja na familia zao, kama bado zinakaa nao.

Wako kwa heshima na uchungu,
Rocío Bertolotti

Nyongeza: Nahuel amekuja jioni hii, akaniomba nipande pikipiki yake twende mtoni. Kabla sijajizuia nikamwambia, "Kwanza nionyeshe breki." Waya wa nyuma ulikuwa umekatika. Akainama kuutazama, kisha akasema hajawahi kuona msichana kama mimi. Fundi anaitengeneza kesho, tutakwenda Jumamosi. Basi msihangaike kurudi. Na nakusihi, Mheshimiwa, mama asijue kamwe kwamba njia yenu imenifaa. Hili libaki baina yetu wawili.