Turudishieni Foleni Yetu

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mageuzi ya Uchumi,
Ghorofa ya tatu, mlango wenye kapeti jipya.

YAH: OMBI LA KUDHOOFISHA OFISI YA LESENI, ANGALAU KIDOGO

Mheshimiwa,

Shikamoo kwanza, maana cheo ni cheo hata kama umri wako ni wa kitinda mimba wangu. Mimi ni Mama Birika, muuza chai wa ng'ambo ya lango la Ofisi ya Leseni za Biashara. Unanifahamu. Ulipokuwa karani wa kawaida ulikuwa unateremka kwangu asubuhi na kupanda mchana, huku koti lako likikufanyia kazi juu ya kiti.

Nilisikia redioni kwamba mnaimarisha taasisi za serikali ili sera mpya za uchumi zisiishie kwenye makabrasha. Sikuwa na neno. Nilidhani ni maneno tu, kama siku zote. Kumbe mlikuwa mnasema kweli, na anayeumia ni mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Foleni imekufa. Ile nayo ilikuwa taasisi, Mheshimiwa. Watu walifika alfajiri, kila mmoja akaweka jiwe lake mstarini limshikie nafasi, kisha akaja kukaa kwenye benchi langu. Mlinzi wa mawe nilikuwa mimi. Nilijua lipi la fundi cherehani, lipi la mwenye duka la misumari, na lipi la yule mjanja aliyeleta tofali zima akidai tofali ni watu wawili. Hakuna jiwe lililoruka jingine mbele ya macho yangu. Mkaja na dirisha moja la huduma zote, mlinzi wa langoni akayazoa mawe yote, na sasa yamepangwa kuzunguka maua yenu. Kila nikipita nayatambua, na roho inaniuma.

2. Makarani wanakaa kwenye viti vyao. Mmewapeleka mafunzo, wamerudi hawataki hata kuchungulia nje. Karani wa mihuri, ambaye zamani muhuri wake ulikuwa unaugua kila Ijumaa, juzi nilimwita kwa mkono, akanijibu kwa adabu kwamba ana watu. Tangu lini?

3. Mteja hamalizi kikombe. Anaingia, anatoka na leseni mkononi, chai bado inatoa mvuke. Ananiachia nusu kikombe na shukrani. Shukrani nitaipikia nini?

4. Mmeingilia ndoa za watu. Binti yangu mkubwa alipata mume kwenye foleni ile. Fundi redio alikuja kufuata leseni, akarudishwa kwa kukosa karatasi hii, akarudishwa kwa kukosa ile, hata tukamzoea, mwisho tukampa mtoto. Ofisi ingekuwa imara wakati ule, leo nisingekuwa na wajukuu. Mdogo wake yuko hapa anasuuza vikombe. Tabia ya mchumba tutaijua vipi kwa muda wa kupuliza chai?

5. Takwimu nazo mmezivuruga. Zamani bei ya sukari mlikuwa mnaikadiria huko huko juu. Siku hizi mnamtuma dada wa takwimu aje kuuliza madukani, na anaandika anachoambiwa. Halafu mnabandika ukutani. Sasa nikisema sukari imepanda ndiyo maana chai haina utamu, mteja ananyoosha kidole ukutani, na mimi namwongezea kijiko.

Sisemi mbomoe yote, mimi si mtu wa fujo. Naomba tu kianzishwe Kitengo cha Ucheleweshaji, chenye dirisha lake, karani mmoja asiyeonekana, na koti la heshima kitini. Kikianza kufanya kazi haraka, iundwe kamati ya kuchunguza kilikosea wapi. Uenyekiti naupokea, benchi ninalo. Bila hivyo nitafunga, na hapo sifanyi mzaha. Birika lile ndilo lililosomesha wanangu, na wiki hii chai niliyomwaga ni nyingi kuliko niliyouza. Kazi nyingine siijui.

Nisalimie mama watoto, dereva wako, na yule mfagizi wa ghorofa ya pili asiyependa sukari.

Wako mtiifu, mwenye mkono mtupu na birika lililojaa,
Mama Birika

Tanbihi: Nimefungua bahasha kuongeza haya. Barua nimeileta mwenyewe. Katibu muhtasi wako akaniambia nikae kidogo, mkuu ana mgeni. Nikakaa. Nikatazama dari, nikatazama kapeti, nikatazama mlango. Mheshimiwa, nilipandwa na hasira mpaka nikasimama na kuuliza hii ni ofisi gani inayomweka mtu mzima kama jiwe mstarini. Imarisheni meza hiyo haraka sana. Nikashuka hadi kwenye lile dirisha lenu moja kukushtaki. Karani wa mihuri akanisikiliza, akasema makarani wasiotoka nje wanakufa kwa kiu humo ndani, na chumba cha chini kimekosa mtu wa kupika chai. Nikampa kitambulisho nikijua nitazungushwa. Leseni ya kupika chai humo ikatoka nikiwa bado natukana. Chumba kinatazama maua, na nimeomba nirudishiwe jiwe moja la kuzuia mlango usijifunge. Teremka na mgeni wako, mje mnywe chai. Kwangu hakuna kupanga mstari.