Ukuta wa Kale wa Mji Mpya

Basi lilikuwa halijasimama vizuri, Mjomba keshauhukumu mji. Barabara zimenyooka kupita kiasi, alisema, na miti yote ina kimo kimoja kama wanafunzi paredini. Kwake yeye, mji usio na mtaa mkongwe ulikuwa sawa na bwana harusi asiye na ukoo.

Mpwa wake alishusha begi lake. Alikuwa amepata kazi ya maabara katika hospitali ya mji huo, lakini mama yake alikataa katakata ahamie "kusiko na wenyewe" mpaka kaka mtu akapakague. Na kaka mtu alikuwa ameizunguka dunia. Lugha sita alizijua, angalau za kuagizia chai.

Wakazunguka. Sokoni sakafu iling'aa, Mjomba akaguna. Mitaa ilikuwa na namba badala ya majina, akaguna zaidi. Maktaba ilinuka gundi ya zulia. Mpwa akaanza kuiona kazi yake ikiyeyuka.

Ndipo, nyuma ya bustani, wakakutana na ukuta. Umemomonyoka huku, umeota kuvu kule, matofali yanachungulia. Mjomba akavua miwani.

"Unaona, mwanangu? Mji hauwezi kunificha umri wake."

Akausimulia ukuta ule kama aliyekuwepo: misafara iliyopumzika hapo, wafalme waliogombana hapo. Kisha akauegemea kwa raha zake, akampigia dada yake.

"Dada, tulia. Hapa pana wenyewe. Huu ukuta nilioegemea una miaka mia tano, mimi si wa kuambiwa. Mwache mtoto abaki."

Alipokata simu, akatokea fundi rangi na ndoo yake, amekunja uso.

"Mzee, samahani, hebu toka hapo. Huo ukuta hatujamaliza kuuzeesha."

Koti la Mjomba liliachana na ukuta kwa shida. Mgongoni alibaki na karne zote tano: kuvu, nyufa, hata tofali moja zima. Fundi akalalamika kwamba sasa ataanza upya, na wageni wa ufunguzi wa bustani wako njiani.

Mpwa aliitazama simu. Mjomba naye akaitazama.

"Tumpigie tena Mama, Mjomba? Tumweleze?"

"Mama yako ana presha," akasema. "Tusimsumbue."

Jioni mpwa alimsindikiza kituoni. Mjomba alipanda basi kinyumenyume, akipunga mkono kwa heshima zote, huku abiria wa ndani wakimpisha haraka wasichafuke. Alipoketi, akausahau mgongo wake na kuuegemeza dirishani.

Basi likang'oka. Mpwa akabaki, akiitazama historia yote ya mji ikienda zake.