Kutu Iliyopakwa Juu ya Paa Langu

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,

Shikamoo. Natumaini u mzima pamoja na wa nyumbani kwako. Mimi Febronia, mjane wa hapahapa Mabawe, nakuandikia kwa heshima kumshtaki jirani yangu, Mwalimu mstaafu Alfonce, ambaye amenijengea nyumba bila idhini yangu.

Kama ujuavyo, bintiye wa Mwanza alimletea maboksi ya vijumba vya plastiki, vile vya kuunganisha kwa gundi na kupanga kando ya reli ya treni ya kuchezea. Mstaafu mwingine angefuga kuku. Yeye ametandaza kijiji chetu chote juu ya meza barazani kwake, akaongeza na stesheni tusiyokuwa nayo, na watu wanatoka hadi Mugoma kuja kuangalia treni ya betri ikizunguka. Sina neno na treni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nyumba yangu ilitoka kwenye boksi ikiwa mpya, paa linang'aa. Nilipopita tena nikalikuta limepakwa kutu, tena kwa brashi nyembamba, bati kwa bati. Nilimuuliza Mwalimu kwa upole. Akajibu, "Mama Deodata, tunapaka tunachokiona." Ndugu Mwenyekiti, kila mtu akianza kupaka anachokiona, kijiji hiki kitakalika?

2. Binti yangu Deodata anachumbiwa na Novatus wa Mugoma. Wajomba wa kijana walipokuja kututazama, walipitia kwanza kwenye ile meza. Mkubwa wao, mzee Niragira, aliinama akakiangalia kijumba, kisha akaingia kwangu akichagua pa kukaa pasipovuja. Siku hiyo jua lilikuwa kali. Wakaaga bila kutaja siku ya kurudi. Tangu hapo binti yangu hashindi nyumbani.

3. Reli imekata katikati ya migomba yangu. Najua migomba yenyewe ni vipande vya sifongo vilivyochovywa rangi ya kijani, lakini sijasikia sheria inayosema mgomba wa sifongo haulipiwi fidia. Sikushirikishwa, mthamini hakufika, na treni inapita mchana kutwa.

4. Hili si langu, ni lako. Ofisi yako pale mezani imechorwa kufuli mlangoni. Nilikutetea mbele za watu. Nilisema, "Mwalimu, hapo umekosea. Kufuli la Mwenyekiti ni kubwa kuliko hilo."

Kwa hiyo naomba Mwalimu aamriwe kuikwangua kutu hiyo. Akikataa, kijiji kiezeke upya nyumba yangu ya kweli, ili ile ya mezani iwe uongo, naye ashtakiwe kwa uongo. Hilo nalo likishindikana, nihamishiwe stesheni, ambako paa ni jekundu na kuna benchi la kukalia wageni.

Nisalimie mama watoto, wajumbe wote wa serikali ya kijiji, na mlinzi wa ofisi, maana yeye ndiye tunayemkuta. Mwalimu ukikutana naye, msalimie kwa mbali.

Ni mimi mwananchi wako mtiifu, mwenye paa,

Febronia

N.B. Tafadhali usiisome barua hii mkutanoni. Nimetoka sasa hivi kwa Mwalimu nilikokwenda kumwonya. Nimemkuta amekaa pembeni na chai yake, kwani macho yake hayaoni tena vitu vidogo. Aliyeshika brashi ni Deodata. Kutu ile ni kazi yake, na kufuli lako pia. Novatus alikuwa anamshikia kikopo cha rangi. Aliponiona akajificha nyuma ya nguzo, kama mkwe mwenye adabu. Na mzee Niragira, miwani puani, alikuwa akibandika dirisha kwa gundi. Akaniambia, "Mkwe wangu, msichana asiyeficha kutu ya kwao hatatuficha kitu. Tunakuja Jumapili." Basi shauri la kutu nimelifuta. La fidia libaki. Kesho asubuhi usinitafute nyumbani: nimepewa brashi, tunapaka mbuzi.